Kipanga wa Bonde la Mivumo

Kilwa, Ijumaa, katikati ya Shaabani. Joto kali, upepo hakuna, na moshi wa mashamba yanayochomwa huko bara umetanda juu ya mji tangu alfajiri. Moyo wangu haujatulia. Naandika ili nisije nikaropoka.

Kazi yangu ni kuchuna ndege. Daktari wa Kijerumani, ambaye sote twamwita Bwana, anakusanya vipanga wa dunia nzima. Akishawaua, mimi huwachuna, huwapaka sabuni ya sumu, huwajaza pamba, kisha huwafunga mguuni karatasi ndogo inayotaja mahali walipokamatwa. Bila mahali, Bwana husema, ndege ni manyoya tu. Sijawahi kuandika mahali pa uongo, na kwa hilo najivuna kupita kiasi.

Kabatini mwake yumo kipanga wa kwao, anayetaga kwenye minara ya makanisa. Yumo wa Amerika, mdogo kama njiwa, anayezalia kwenye matundu ya miti. Yumo wa nyanda kavu za Australia, na mwingine wa kisiwa kimoja cha bahari yetu hii, asiyetoka msituni. Saraka moja tu ilikuwa tupu, ya kipanga wa kijivu mwenye kichwa cheupe, anayekaa juu ya mivumo, ile mitende mirefu ya porini, iliyokatika vilele. Huyo ni wa huku kwetu, na ndiye aliyekuwa akimnyima Bwana usingizi.

Asubuhi alikuja shemeji, kaka wa mke wangu Zuhura, kutoka milima ya Wamatumbi. Sikumtambua, jinsi alivyokonda. Watu wake walikunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi, wakapigana na Wajerumani, wakashindwa, na sasa askari wanachoma kila shamba wanaloliona ili njaa imalizie kazi. Mkewe na watoto wamejificha bondeni na mtama wao ambao haujakomaa. Mkononi alishika kapu, ndani yake kipanga mwenye kichwa cheupe, mzima, amefungwa miguu. Njiani alimlisha panzi. Yeye mwenyewe hakula kitu.

Alichotaka ni cheti cha kuwaleta watoto mjini, basi.

Tulimkuta Bwana barazani, anakunywa kahawa na luteni anayeongoza msako. Alipoona kile kichwa cheupe, alisukuma kikombe kando kwa furaha. Alimbana ndege kifuani kwa vidole viwili, taratibu, mpaka moyo ukasimama, ili manyoya yasichafuke. Kisha akaniuliza, "Amekamatwa wapi?"

Nilimuuliza shemeji kwa Kimatumbi. Kwao, anayetoa zawadi ya mawindo lazima ataje alipoyapata, kila mto na kila kilima, la sivyo ataonekana kaiba kwenye mtego wa mwenzake. Basi akaeleza yote kwa adabu, macho chini. Nyuma ya Kipatimu, uvuke mto, ufuate kijito cha kushoto hadi bonde la mivumo, ambako wake zao wanalinda mtama. Alikuwa akiniambia mimi, shemeji yake. Alijua nitachagua la kusema.

Bwana hajui neno la Kimatumbi. Luteni hajui. Ningeweza kutaja kijiji cha Kinjumbi, ningeweza kutaja popote.

Nikasema kijito cha kushoto.

Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi iko tayari, na ulimi wangu ukafuata mazoea. Luteni alimaliza kahawa yake, akainuka. Alasiri askari waliondoka kuelekea bara.

Bwana amemwahidi shemeji cheti kesho. Sasa hivi shemeji amelala jikoni kwetu, tumbo limejaa ugali, na mara ya mwisho nilipomchungulia alikuwa anatabasamu usingizini. Zuhura alinishika mkono akasema, "Ahsante, mume wangu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa ulichowatendea ndugu zangu." Nikaitikia amina. Naichukia sauti yangu.

Nikimwambia shemeji, atatoka mbio na kuuawa njiani. Nisipomwambia, atapewa cheti cha watoto ambao hawapo.

Jioni Bwana alinifuata, mchangamfu kuliko siku zote. Alisema vipanga hawa hukaa dume na jike, na luteni amekubali askari wamletee jike wakishamaliza kazi kule bondeni. Akaniagiza niandae pamba.

Pamba nimeshaiandaa. Shemeji bado sijamwamsha.