Vioo Juu ya Blanketi

Mama Nekesa,

Nakuandikia nikiwa kwangu hapa nyuma ya msikiti, kwenye ile meza tuliyokuwa tukipambia keki. Nimeisugua lakini bado inanata sukari. Mimi niko. Nafanya kazi, nakula, halafu lango likigongwa nadhani ni wewe umekuja kuazima mayai. Nasimama kabisa. Ndipo nakumbuka.

Nyumba yako imepata mtu mwingine. Mwenye nyumba alivumilia kidogo baada ya mazishi, kisha akasema anataka vyumba vyake. Nekesa akaamua kuhamia Sirisia kwa Kukhu, bibi yake, aendeleze kazi ya keki kule. Kukhu amempa chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama barabara. Nilifurahi. Lakini aliposema anko wake Barasa ndiye atakuja na lori kubeba vitu, moyo wangu ulikataa.

Najua ungecheka. Ulizoea kuniambia, "Zuhura, wewe hata chumvi unaionja mara mbili ujue kama ni chumvi." Sawa. Lakini kaka yako hakukanyaga Kitale siku zote ulizolazwa. Leo ni vitu vyako ndivyo vimemwonyesha njia?

Kwa hiyo nilifunga mizigo mwenyewe, mimi na binti yako. Oveni tuliitoa trei zote ndani, mlango wake wa kioo tukaubana kwa utepe wa gundi na kuuwekea mto. Sahani tulizisimamisha kwa ubavu, kila moja na kitambaa chake, maana zikilala moja juu ya nyingine ile ya chini hubeba uzito wote. Halafu zile stendi zako tatu za keki, za kioo kizito, zenye miguu iliyopinda. Ulizinunua moja moja, na kila ulipoleta moja nyumbani ulinipigia simu nije niione. Kila stendi niliizungushia leso, zote tatu nikazifunga ndani ya blanketi lako la kijivu, nikaziweka kwenye lile sanduku la mbao la kijani. Kila pengo nikalishindilia maganda makavu ya mahindi.

Unakumbuka safari ya kwanza, ile harusi ya mwalimu? Barabara yote mashimo, na keki tumeipakata magotini kama mtoto mgonjwa. Dereva akifunga breki unamwambia, "Baba, polepole, huyu hajaamka." Tulifika nayo ikiwa nzima, na wewe ukalia. Mimi nilidhani umeumia mgongo.

Barasa alifika asubuhi na dereva mmoja anaitwa Musa. Hata chai hajaigusa, akauliza, "Na lile sanduku la kijani liko wapi?"

Nani amemwambia kuna sanduku la kijani? Aliyejua ni mimi na Nekesa tu, na Nekesa alikuwa ametangulia Sirisia kusafisha chumba.

Wakapakia. Barasa alikuwa akirusha vitu kama magunia. Nikimwambia taratibu, anasema, "Hii ni mizigo tu, Zuhura, si mayai." Godoro, ambalo halivunjiki, alilishika kwa mikono miwili. Nilipotaka kupanda nao akasema mbele hakuna nafasi, ati nisijisumbue, nitakuja siku nyingine kusalimia. Musa akafunga turubai, wakaondoka. Nikaswali adhuhuri, nikavaa viatu, nikapanda gari la Bungoma nikashukia Chwele, nikachukua boda mpaka kwa mama yako.

Lori halikuwa limefika.

Waliondoka asubuhi, mimi nimeondoka mchana, na mimi ndiye niliyetangulia. Kukhu alinipa maji, nikayashika tu mkononi. Walipoingia hatimaye, Barasa aliruka chini akisema, "Pancha, bana! Tumehangaika!" Nikazunguka nyuma ya lori polepole kama mtu anayenyoosha miguu. Tairi la akiba lilikuwa limefungwa kwa waya, na juu ya waya kulikuwa na matope yaliyokauka zamani. Hakuna aliyeligusa. Pancha gani hiyo?

Nilisaidia kushusha. Oveni nzima. Sahani nzima. Sanduku la kijani likawekwa chini, na kabla hata mtu hajalifungua Barasa akaweka mkono kichwani. "Pole sana, Nekesa. Barabara ni mbaya. Hiyo glasi yote imeenda."

Nekesa akafungua. Vioo vilikuwa vimejaa juu ya blanketi, vinang'aa. Mtoto wako akaketi pale pale kwenye nyasi, mikono juu ya mapaja, hakulia hata. Ningependa alie. Alisema tu, "Nitamwambia nini Mama?"

Nami nikaona kitu. Vioo vilikuwa juu ya blanketi. Juu. Stendi zilikuwa ndani ya blanketi, kila moja na leso yake. Zikivunjika, zitavunjikia ndani, hazitapanda juu kujianika. Nikainama nikaokota kipande. Kilikuwa bapa, chembamba, upande mmoja umenyooka kama umekatwa na fundi. Kioo cha dirisha, Mama Nekesa. Nikafunua blanketi. Ndani hakuna kitu. Leso zangu pia hakuna.

Nikamuuliza, "Barasa, miguu iko wapi?"

"Miguu gani?"

"Ya stendi. Ni minene kuliko kidole changu cha gumba. Hata ikivunjika haiwezi kuwa bapa."

Akapanda hasira papo hapo. "Ati mgeni anakuja kuniita mwizi kwa boma ya mama yangu? Mama, unasikia huyu?"

Niliogopa, sitakudanganya. Ni kweli mimi ni mgeni pale. Kukhu alikuwa ananitazama, na yule ni mtoto wake, na ni juzi tu amemzika mwingine. Nilitamani ungekuwa mlangoni useme neno moja. Lakini Nekesa alikuwa bado kwenye nyasi. Basi nikamgeukia dereva.

"Musa, kama ni hivyo umevunja wewe. Ni uendeshaji wako."

Musa akaitupa kamba chini. "Mimi? Mama, mimi nahamisha watu kila wiki, sijawahi kuvunja hata kikombe! Usiharibu jina langu. Huyu ndiye alinisimamisha Kimilili, akashusha vitu kwa duka ya yule mama wa kukodisha vyombo vya harusi. Nimengoja hapo mpaka usingizi ikanishika."

Kukhu akainuka kwenye kiti chake, akajifunga leso kiunoni, akamwambia Musa awashe gari. Kwa Barasa alisema neno moja tu: "Panda."

Tukaenda wote. Kukhu mbele na dereva, mimi na Nekesa na Barasa nyuma, hakuna anayemtazama mwenziwe. Huko Kimilili tulizikuta stendi zako kwenye rafu, zote tatu, zimepangwa karibu na thamosi kubwa. Mwenye duka alikuwa mama wa heshima. Alisema aliambiwa ni za marehemu, kwamba mtoto amekubali ziuzwe, na pesa alikuwa bado hajalipa. Nekesa alipojitambulisha, yule mama alizishusha mwenyewe bila maneno, akampa mkono wa pole.

Lakini moja ina ufa. Umeanzia ukingoni na kushuka mpaka karibu na mguu. Mwenye duka alisema Barasa alizileta tupu, bila leso, zikagongana mikononi mwake. Safari nzima ya mashimo hazikupata hata mkwaruzo, zikaumia hatua chache kutoka kwa lori mpaka dukani. Kukhu alirudi nayo ameipakata magotini, kidole chake kikipita juu ya ule ufa, kinarudi, kinapita tena.

Barasa alikuja baadaye na kuku, akasema ni shetani, ati alitaka kumpunguzia mtoto mizigo. Kukhu alimpokea kuku. Mimi bado simwamini. Hata alivyoomba msamaha alikuwa akiangalia kabati tulimoweka stendi.

Sasa nikwambie jambo lililonisumbua zaidi. Swali langu lilikuwa halijajibiwa. Nani alimwambia kuhusu sanduku la kijani? Nilibaki Sirisia siku mbili tukipanga chumba, na nilikuwa nikimtazama binti yako. Akipokea simu, natega sikio. Akitoka nje, nachungulia dirishani. Nilijiambia, labda walipanga pamoja, labda alitaka kuziuza na akaogopa kuniambia mimi. Mtoto niliyembeba mgongoni ukiwa sokoni!

Mwisho nikamuuliza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye trei alizokuwa akipanguza. "Ni mimi, anti. Nilimpigia anko nikamwambia lile la kijani alibebe polepole, kwa sababu ni la Mama." Kisha akainua macho. Akaona usoni mwangu yote niliyokuwa nikiyawaza.

"Ulidhani ni mimi?"

Aliendelea kupanguza trei, lakini taratibu zaidi.

Jumamosi alipeleka keki yake ya kwanza, harusi huko Chwele. Ameniambia ilifika salama na bibi harusi aliuliza imepikwa na nani. Alisema, "Nimemwambia ni Mama amenifundisha." Nilikata simu haraka, sikutaka anisikie nikilia.

Siku ile ya mwisho hospitalini, ulinishika mkono ukasema, "Nekesa." Basi. Hukumalizia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kilichofuata kilikuwa nini. Nilidhani ulitaka kusema nimlinde, na ndiyo maana nimekuwa nikilinda kila kitu, mpaka nikamlinda kama mahabusu. Leo naona labda hukuwa unaniagiza kitu. Labda ulikuwa unamwita tu.

Nenda salama, mwenzangu. Kwa Barasa sikuahidi lolote, macho yangu yatabaki wazi. Lakini kwa huyu mtoto nakuahidi: akiniambia jambo, nitalichukua kama alivyolisema. Na akiniita, nitaitika mimi, kwa kuwa wewe huwezi tena.

Wako,
Zuhura