Alichosema Arpine

Bweni la Wazee
9 Oktoba 2024

Dada yangu Verlene,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nikitumai barua hii itakukuta goti limetulia na sukari imeshuka. Mimi ni mzima, kwa kiasi anachoweza kuwa mzima mzee wa miaka sitini na minane anayelalia godoro jembamba kama mkate. Mgongo unalalamika, macho yanalalamika, na mwenyewe nalalamika kuvishinda vyote viwili, kama utakavyoona. Nisalimie wanakwaya wenzako, na umwambie Mchungaji kuwa soksi zilifika.

Picha ya chumba ulichoniandalia nimeipata. Kitanda ni kizuri, na vile vyuma vya kushikilia bafuni umevifunga mahali panapofaa kabisa. Hata pazia umeweka! Nakuomba usinunue kitu kingine mpaka umalize kusoma barua hii, na usianzie mwisho kama ulivyozoea kufanya na magazeti. Anza hapa, uje nami polepole.

Uliniuliza kuhusu kikao changu. Ni tarehe 14 Novemba, kikao cha tisa mbele ya Bodi ya Parole, wale wanaoamua mfungwa aachiwe au abaki, na Vahan Torosian atakuwepo kwenye skrini kama kawaida. Najua jina hilo linakuchefua. Barua yako iliyopita ulisema mtu gani huyu, mzee anapumua kwa mpira puani na bado anaimba wimbo ule ule tangu kikao cha kwanza: anataka kujua dada yake Arpine alisema nini kabla ya kufa. Haruhusiwi kuniuliza mwenyewe, basi huwaambia wajumbe, nao huniuliza mimi. Mara zote nane nimejibu kwamba Arpine hakusema kitu, kwamba bastola ilifyatuka ghafla pale dukani, msichana akaanguka nyuma ya kaunta, yakaisha. Nawe kila mara umeiandikia Bodi kwamba ilikuwa ajali, kwamba mdogo wako hakuwahi kumkusudia mtu ubaya. Nitalirudia jambo hili. Kwanza nikupe habari za Mzee Amadeo, maana ndizo zilizonifikisha hapa, na zimenichosha hadi kwenye mifupa.

Unakumbuka nilikuambia nimevishwa koti la njano. Hapa koti hilo maana yake ni mfungwa anayewatunza wafungwa wenzake waliopotewa na kumbukumbu. Mimi nilipewa Amadeo Silveira, Mreno, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka upande wa Hanford. Ana miaka themanini na mitatu na ananiita kijana. Anaficha meno yake ya bandia ndani ya soksi, kisha ananishtaki kwa afande kwamba nimeyaiba. Kila asubuhi huamka anataka kwenda kukamua, na swali lake la kwanza ni kama maji yamefunguliwa mferejini. Mwaka wa kwanza nilimweleza kwamba hapa hakuna mfereji. Siku hizi namjibu tu kwamba yanakuja, tutulie.

Mwaka 1988 mzee huyu alimuua shemeji yake, Joaquim, kwa koleo, wakigombea zamu ya maji ya kumwagilia. Joaquim ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yake. Mjane wa Joaquim, Filomena, ni dada yake Amadeo mwenyewe, na mama huyo ameandika kwa mkono wake kwamba wamrudishe afe nyumbani, kwani amechoka kuwa na makaburi mawili na mtu mmoja tu aliyezikwa. Binti wa Amadeo, Lidia, amekwisha kumtengea chumba. Walioumizwa wamesema basi. Sasa nani anayekataa? Bodi! Bodi inataka mzee aonyeshe kwamba amelitambua kosa lake, alieleze kwa kinywa chake na alijutie. Nikamwuliza wakili wetu, Bi Kessler, mtu atajutiaje jambo asilolijua kichwani mwake? Akanijibu kwa upole kwamba hicho ndicho kipimo, na sheria haina kipimo kingine. Mtoto mzuri yule, lakini siku ile nilitamani kumpa meno ya mzee ayatafute.

Basi akaniomba jambo. Wiki ya mwisho kabla ya kikao cha mzee, kila asubuhi nimkumbushe mzee alichofanya, huenda kitamkaa. Nikakubali, mimi mjinga. Asubuhi ya kwanza nikamketisha, nikamwambia Mzee, wewe ulimuua Joaquim. Dada, alinitazama kama mtu aliyeletewa simu ya msiba. Akauliza Joaquim gani, wa Filomena? Nikasema ndiye. Alilia mpaka akatapika chai. Asubuhi ya pili alikuwa amesahau, nikamwambia tena, akalia tena upya kabisa, msiba wa jana haupo, wa leo ndio wa kwanza. Siku tano nilimfishia mzee yule Joaquim wake. Siku ya tano akaniuliza ni nani mwenye roho ngumu hivyo aliyefanya jambo hilo. Ya sita nikamwambia Bi Kessler sifanyi tena, akitaka aje mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Akasema sawa, lakini mzee ataingia kikaoni mtupu. Nikasema na aingie mtupu, awaeleze habari za ng'ombe.

Tatizo ni kwamba hakuingia mtupu. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Tangu Januari Bi Kessler alikuwa ameniagiza nami nijizoeze maelezo yangu kwa sauti, kila siku, mpaka yatoke bila kukwama. Nijizoeze wapi? Bwenini kuna wanaume arobaini, nusu yao wanakohoa na nusu wanabishana. Nikaona heri nijizoeze ninapomnyoa Mzee Amadeo. Ana povu usoni, hawezi kuondoka, na nikimaliza hakumbuki. Nikaanza na maneno yale yale ya miaka yote: niliingia dukani, nikatoa bastola, mkono ukatetemeka, ikafyatuka. Mzee akaondoa mkono wangu shavuni na kusema, "Kijana, mimi nimekuwa na bunduki tangu nikiwa na miaka tisa. Haijifyatui. Kuna aliyebana."

Nikamwambia anyamaze nisije nikamkata. Kesho yake nikasoma tena maelezo yangu, naye, kwa kuwa amesahau, akasema tena, "Haijifyatui. Kuna aliyebana." Keshokutwa vilevile. Hebu fikiria, Verlene! Bodi imenihoji mara nane, na wanasaikolojia, na wachungaji, wote nimewapita, halafu kila asubuhi mzee asiyejua hata siku ya juma ananishika pale pale, na siwezi hata kumkasirikia jana yake kwa sababu hana jana. Wiki tatu alinisumbua hivyo. Mwisho, asubuhi moja ya Februari, nilichoka. Nikamwambia yote ili anyamaze tu.

Kisha akageuza shavu la pili ninyoe.

Kesho yake alikuwa amesahau, nami nikamwambia tena. Sikulazimishwa na mtu, dada. Nilijisikia mwepesi baada ya kumwambia, kama mtu aliyetua gunia, na nilijua gunia halitaonekana popote maana nimelitua kwa mtu asiyeweka kitu. Nikaendelea Machi, Aprili, kiangazi chote. Nilidhani naandika juu ya maji. Muuguzi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba wagonjwa hawa hushika kinachorudiwa kwa mkono ule ule na harufu ile ile ya sabuni. Angeniambia mapema!

Kikao chake kilikuwa Jumanne iliyopita. Nami niliruhusiwa kuketi kando yake kwa sababu na mtu mwingine hatulii. Lidia alikuwa kwenye skrini, amevaa nguo ya kanisani. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti laini, akamwambia, Bwana Silveira, tueleze kwa maneno yako ulifanya nini. Nikawa naomba kimoyomoyo aulize habari za maji. Mzee akanyoosha mgongo, akajipangusa kidevu kama mtu aliyekwisha kunyolewa, akaanza.

Akasema, mimi niliingia katika duka la kona nimejifunga kitambaa usoni. Msichana alikuwa peke yake, anapanga peremende. Nilimwonyesha bastola, naye hakuogopa, alinitazama macho. Msichana akasema, "Royce? Ni wewe?" Akasema, "Royce, mama yako anajua uko hapa?" Mzee akatikisa kichwa, akawaambia wajumbe kwamba bastola haijifyatui. Nilibana mimi, akasema. Nilibana kwa sababu alinijua jina.

Wajumbe wakapekuapekua faili. Mwenyekiti akauliza, Bwana Silveira, Royce ni nani? Mzee akatazama huku na huku, akanitazama na mimi, akasema hamjui, ila anadhani ni mtu wa kuhurumiwa, maana anasema jambo hilo kila siku na halimwishi.

Bi Kessler akaanza kueleza kwamba mteja wake amechanganyikiwa. Akanitupia jicho na kutikisa kichwa kidogo, yaani ninyamaze. Na ningeweza kunyamaza. Nina mazoezi ya miaka arobaini na mitatu. Lakini Mzee alikuwa ameanza kulia, analilia msichana asiyemjua, kosa langu limemkaa yeye kifuani na lake limempotea, nami ndiye niliyelitia humo. Nikasimama. Nikasema Royce ni mimi, na maneno hayo ni yangu, mwondoeni mzee huyu. Wakaandika. Kila kitu wanaandika.

Hukumu yao ilitoka baada ya nusu saa: Amadeo Silveira arudi mbele ya Bodi baada ya miaka mitatu, kwa kuwa bado hajalitambua kosa lake. Miaka mitatu! Hata jina lake atakuwa amelisahau. Lidia alilia bila sauti mpaka skrini ikazimwa. Nikamsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka bwenini, na njiani akaniuliza kama maji yamefunguliwa. Ningeweza kung'oa mlango kwa meno. Kuna watu humu ambao hata mimi nisingewafungulia, nakuambia ukweli, lakini wale huwa wanajua kuongea. Wanajifunza neno kutambua na neno kujutia, wanayatoa yakiwa yamenyooka kama shati la pasi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Sasa umefika nilipokuwa nakuleta, dada. Haikuwa ajali. Arpine alinitambua kwa macho, kwa sababu tulikuwa tunanunua soda kwake kila siku tukitoka kazini, na aliwahi kukusifia wewe kofia yako ya Pasaka. Alimtaja Mama. Nikaona Mama anaambiwa, nikaona uso wa Mama, na nikaona ni heri afe mtu kuliko Mama ajue. Ndivyo nilivyofikiri, katika muda usiozidi pumzi moja. Mama alikufa akiamini bastola ilifyatuka. Nawe umepanda jukwaa la kanisa, umekusanya sahihi, umegombana na mumeo, umeandika barua nane, zote kwa uongo wangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka arobaini na mitatu, na nimekutembeza na wewe bila kukuuliza. Naona aibu. Sina neno kubwa kuliko hilo, na yale makubwa niliyojifunza ya kuwaambia wajumbe sitaki kukuletea wewe.

Bi Kessler anasema nimejiharibia. Wataniuliza kwa nini nilisema uongo mara nane, na wana haki. Huenda wakanipa miaka mitatu, huenda mitano. Mimi nadhani wazee wengi humu waachiwe wakafie makwao, na nitaendelea kudhani hivyo hata nikibaki. Lakini tarehe 14 Vahan Torosian atauliza swali lake, nami safari hii nitamjibu. Ameliuliza tangu nywele zake zikiwa nyeusi, nasi tukamwita msumbufu, na jibu lilikuwa kinywani mwangu muda wote huo.

Nakuomba mambo mawili. Usiiandikie Bodi barua ya tisa, au ukiandika, usiandike neno ajali. Na kile kitanda, usikirudishe dukani bado. Mpigie simu Lidia Silveira. Nimekuandikia namba yake nyuma ya karatasi. Nilipompigia kumpa pole nilimtajia chumba chako, naye anataka kujua vyuma vya bafuni ulivifungaje, maana anasema atavifunga vivyo hivyo, miaka mitatu au bila miaka mitatu.

Usiponijibu nitaelewa. Ukijibu kwa matusi nitayasoma yote, tena mara mbili. Nisalimie watoto na wajukuu, na ukipita makaburini mwambie Mama kabla hajaambiwa na mwingine. Mzee Amadeo ananiita, ameamka sasa hivi na anataka kunyolewa. Leo nitamnyoa kimya.

Ni mimi mdogo wako, ninayeliandika jina hili nawe ukijua sasa lilikuwa katika maneno ya mwisho ya nani,

Royce