Taa ya ndani mu gari yako ya buluu

Muzee Fideli wangu,

Niko mu gari yako, nimefunga milango, nakuandikia ku magoti. Mvua imepita sasa hivi hapa Cimpunda. Ni mimi Bahati, fundi wako wa umeme kwa miaka makumi mbili, na niko na haya. Asubuhi nimeomba Mungu musamaha. Umebaki wewe.

Maman Adela, bibi yako, bado iko na nguo ya kilio. Ndiyo, mpaka leo, mwezi wa nane tangu utuache. Unajua desturi ya kwenu: mujane hatoi nguo nyeusi mpaka aweke musalaba ku kaburi na mikono yake. Musalaba iko tayari, imeegemea kabati ndani. Lakini kaburi yako iko Walungu, mbali na muji, na mutu wa kumufikisha kule ni mimi. Watoto wenu wako mbali, njia ya kurudi imewakatikia. Minibus ameikataa: "Fideli alinitoa kwa baba yangu mu ile gari. Mu ile gari njo nitaenda kumuaga."

Na mimi, muzee, naogopa barabara. Tangu siku askari walinishusha ku pikipiki pale ku bariere, kizuizi chao cha barabara, nikakaa chini mpaka jioni bila kuambiwa kosa langu, sijatoka tena mu muji. Hata siku ya kukuzika. Nilipanda mu kamyo pamoja na sanduku yako, tukafika Nyawera, bado mu muji, nikasema tumbo inanikata, nikashuka. Nilisimama kati ya wabeba mizigo, naangalia kamyo inaenda. Tumbo haikuwa na kitu.

Basi nikaanza kutengeneza gari. Kwanza freni za kusimamisha. Kisha radiatere ya maji. Kisha taa ya kukatia kona, ile ya kushoto, mara mbili. Maman anatoka ku mulango na gauni yake nyeusi, anauliza: "Bahati, ni leo?" Najibu: "Bado kidogo, Maman." Wiki iliyopita aliniangalia sana, akasema: "Mwanangu, hii gari inagonjwa kuliko mimi." Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nilijua vizuri ni nani amemufungia mu ile nguo.

Ilibaki taa ya ndani. Hapo nikafurahi, Mungu anihurumie, kwa sababu nilipata sababu ya kweli: jioni ku bariere wanakuambia uwashe taa ya ndani, na ikikataa wanakasirika. Nikafungua swichi ya dari. Kile kipande cha shaba kilikuwa kimeota uchafu wa kijani, na nguvu ya kusukuma imekwisha. Nikakisugua, nikakiwekea resori, ile springi ya kalamu. Ikawaka. Lakini nikifungua mulango, giza. Nikatoa ile swichi ndogo ya mulango, ile inafinywa mulango ukifungwa. Waya ilitolewa, ikafungwa na ukanda wa mupira wa pikipiki, juu yake uzi. Mulango wa pili vile vile. Yote ine. Muzee, ile si kazi ya panya. Kuzungusha mara tatu na kuficha fundo ndani, ni mukono wako. Ulinifundisha wewe mwenyewe.

Nikakaa chini.

Nikakumbuka ile miaka mibaya ya vita, tunarudi jioni na watu tunaowabeba wamelala nyuma, wewe unasimamisha gari, unasema: "Fungua polepole, Bahati." Mulango unafunguka, hakuna taa, hakuna mutu wa kutuona. Nilifikiri imekufa tu, na wewe unatengeneza za watu, yako haupati wakati. Kumbe uliizima wewe. Uliogopa! Wewe uliyekuwa unawasalimia askari "Bonsoir, wanangu!" mpaka wanacheka. Uliogopa milango yote ine, na asubuhi ukawasha gari ukaenda tena.

Miaka yote ile nilifikiri mwoga mu hii gari ni mimi peke yangu.

Nimekata zile nyuzi na mupira, nimerudisha waya ku nafasi yake. Nikamuita Maman akae mbele. Akafunga mulango, taa ikazima. Akafungua, ikawaka. Akafunga tena. Akafungua. Kisha akauliza polepole: "Sasa inagonjwa nini?"

Nikasema: "Haigonjwi tena, Maman."

Nilisema na kinywa changu, muzee, na sasa sina tena pa kujificha. Amekwenda kufunga musalaba ndani ya blangeti. Namusikia anahamisha viti.

Pumzika, Papa yangu. Utuombee kwa Bikira Maria, zaidi pale ku bariere ya kwanza. Samedi, hii Jumamosi, misa ya asubuhi ikiisha, tutakuja, nakuahidi. Mikono yangu itatetemeka, najua. Acha itetemeke ku usukani.

Mutoto wako,
Bahati