Joho Lilikuwa Moja

Jumatatu, 3 Mei

Hati za kiapo tisa leo. Mvua. Kibanda changu cha kuchapa pale Makadara, nje ya mahakama, kinavuja tena, nikasogeza kompyuta karibu na mlango na kuchapa nikiwa nimejitanda leso. Mgongo unauma.

Jioni kamati, nyumbani kwa Rhoda, Buruburu. Bado siamini kwamba rafiki yangu anawania urais. Chama ni kidogo lakini fomu za tume ya uchaguzi ni zilezile wanazojaza wakubwa. Kimebaki kitu kimoja tu, mgombea mwenza, na Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho. Mimi ndiye katibu. Majina manane yametajwa, nimeyaandika, nimeyakata. Huyu ana kesi. Huyu anataka apewe magari mawili kwanza. Huyu hata hamjui Rhoda. Rhoda ni wa magharibi, kwa hiyo wote wanataka mtu wa mashariki. Na mimi Mkamba, mtu wa mashariki hiyo hiyo, nimeketi pale pale na kalamu mkononi. Hakuna aliyeniangalia.

Vijana wa kinyozi hapa Umoja wameshaamua. "Niaje DP," wananiambia kila nikipita, yaani naibu rais. Nawaambia waache upuzi. Sitaki waache.

Jumatano, 5 Mei

Kibet, wakili wa chama, amenipa masharti ya mgombea mwenza niyachape yabandikwe ukutani. Awe raia. Asiwe amefilisika. Awe na shahada ya chuo kikuu. Hapo nikaacha kuchapa, nikaenda kununua chai ambayo sikuwa na hamu nayo.

Sikumaliza chuo. Rhoda anajua kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana hanitaji: hataki kuniaibisha mbele ya watu. Nimempenda zaidi kwa hilo. Lakini nauma meno. Ningekuwa mzuri. Ningekuwa mzuri kuliko wote wanane.

Nimechapa upya hotuba ya Rhoda pia. Ukurasa wa pili kuna ile sentensi ambayo kina mama wanampendea: "Nilisoma nikiwa na mtoto mgongoni." Niliitunga mimi mwaka jana, tulipokuwa tukitafuta maneno ya kuwagusa. Nilidhani ni chumvi ya siasa tu.

Ijumaa, 7 Mei

Amenitaja.

Walikuwa wakibishana juu ya mfanyabiashara fulani wa Mwingi. Rhoda akasimama, akaniwekea mkono begani. "Mnahangaika nini na mtu yuko hapa? Ndinda. Tumeanza pamoja, tumehitimu pamoja, tutaingia Ikulu pamoja." Makofi. Hata Kibet, ambaye hucheka kwa kibali cha mahakama, alicheka. Mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha. Angalau humu nisijidanganye.

Tumehitimu pamoja. Hakunikonyeza. Hakupunguza sauti. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili kwamba anadanganya kwa ajili yangu. Haikuwepo. Anaamini anachosema.

Rhoda amesahau.

Jumamosi, 8 Mei

Sikutoka. Nimetoa ile picha ndani ya Biblia ya mama na kuiweka mezani tangu asubuhi.

Tulikuwa tukiishi chumba kimoja hapa hapa Umoja, yeye mwaka wa tatu, mimi wa pili. Akapata mtoto, Nafula. Kijana aliyempa mimba akatoweka. Mamake akamwambia asithubutu kurudi nyumbani na aibu hiyo. Ilibidi mmoja wetu abaki na mtoto. Rhoda alikuwa amenitangulia mwaka mmoja, tukakubaliana amalize yeye kwanza, halafu zamu yangu. Nikamfunga Nafula mgongoni kwa leso, nikaanza kuwachapia watu barua kwa tapureta ya kukodi. Majirani wakaniita Mama Nafula. Mama Otis wa mlango wa pili ananiita hivyo mpaka leo, na nimechoka kumweleza. Nafula alipotimiza miaka minne, Rhoda akapata kazi Kisumu, akaenda naye. Zamu yangu hakuna aliyeifuta. Haikufika tu.

Siku ya mahafali yake joho lilitakiwa kurudishwa kabla ya jioni. Tukapita studio moja Muthurwa. Akavaa yeye, nikashika mtoto. Kisha akanipokea mtoto, akanivalisha mimi. Akasema nivae tu, natangulia kulivaa kabla ya zamu yangu. Picha mbili. Yangu nikaituma kwa mama huko Kitui bila maelezo yoyote. Mama akachinja mbuzi. Kanisa zima likaja kuiona. Alizikwa akijua bintiye amehitimu.

Kwa hiyo uongo huu ni wangu kwanza. Nakubali. Lakini mama alidanganywa. Rhoda alikuwepo.

Jumapili, 9 Mei

Mchungaji amenisimamisha kanisani. Wamenipigia makofi, wameniombea, mzee mmoja ameniomba kazi ya udereva. Mchana Nafula akapiga simu kutoka Kisumu kuuliza kama sasa aache kuniita Anti aniite Mheshimiwa. Tumecheka.

Njia rahisi ipo. Ninyamaze. Nimwache aendelee kuamini.

Jumanne, 11 Mei

Kibet anataka cheti changu. Na hati ya kiapo, kwamba nina shahada. Nimemwambia cheti kiko Kitui, kwa ndugu yangu. Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Yangu imefika miaka thelathini.

Mchana mzee mmoja alikuja kibandani kwa kesi ya shamba. Nilipomsomea mwisho wa hati, pale pa kuapa kwamba yote yaliyomo ni kweli, aliniuliza kama maneno hayo yanafunga mtu kwelikweli au ni ya karatasi tu. Nikamwambia yanafunga. Akaniomba nifute aya ya nne. Akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Nilimwonea wivu mpaka nikasahau kumpa risiti.

Kesho nitamwambia Rhoda.

Jumatano, 12 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta jikoni akichambua mboga ya saga, ungo umejaa. Nikaketi nikachambua naye, kama zamani. Nikamwambia sina shahada, sikurudi chuo, siwezi kuapa. Akacheka.

"Acha mchezo, Ndinda. Si tulipigwa picha?"

"Joho lilikuwa moja, Rhoda."

Vidole vyake vikasimama. Nikaona mambo yakimrudia moja moja: studio, mtoto, leso, chumba chetu. Macho yalijaa. Nikangoja. Miaka yote hii sikujua kwamba nangoja, lakini pale nikajua. Sikutaka aniombe msamaha. Nilitaka aseme tu kwamba ni mimi.

"Mungu wangu," akasema. "Tungeumbuka."

Kisha akaniuliza nani mwingine anajua.

Nikamwambia hakuna. Tukamaliza mboga. Akanifungia nyingine kwenye karatasi nipeleke nyumbani, nikaichukua. Sijui kwa nini niliichukua.

Alhamisi, 13 Mei

Sikwenda kazini. Namchukia. Kwa nafsi yangu yote. Kesho nitakuwa nimeanza kumtetea, najijua.

Mboga nimeipika. Imekuwa chungu, sikuweka maziwa.

Ijumaa, 14 Mei

Amepatikana. Daktari Kasyoka, mhadhiri, mzaliwa wa Machakos, shahada tatu. Anaongea vizuri. Ana mikono laini. Hakuna baya ninaloweza kuandika juu yake, na nimetafuta.

Kibet aliniomba kwa upole nichape fomu zake kwa kuwa muda umekwisha. Nikazichapa. Bila kosa hata moja. Kamati imeambiwa nina presha na daktari wangu amenikataza kampeni. Rhoda ndiye aliyeitunga hiyo. Nimeona mkono wake: sentensi fupi, safi, haiachi swali la pili. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Vijana wa kinyozi wamesikia. "Pole DP," mmoja akasema. "Presha si mchezo." Wenzake hawakucheka. Nikapita haraka.

Mchana ujumbe wa simu kutoka kwa Rhoda. Asante kwa kila kitu. Nimeusoma mara nyingi. Kila kitu ni kitu gani?

Jumamosi, 15 Mei

Uzinduzi. Ukumbi ulijaa, hata madirishani. Kasyoka alivaa suti ya buluu. Mimi nilikaa safu ya tatu na Nafula, aliyekuja kwa basi la usiku kumwona mamake akizungumza.

Hotuba ile naijua kama sala. Najua anapovuta pumzi, koma nilizitia mimi. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Akafunua wa pili. Akafika pale. Akainua macho, akanitafuta kati ya watu wote wale mpaka akanipata. Nikasema moyoni, sema. Sema jina langu tu. Wala hutapoteza kura.

Akashusha macho kwenye karatasi.

"Nilisoma nikiwa na mtoto mgongoni."

Kina mama wakapiga vigelegele. Wote wakasimama. Nami nikasimama, nikapiga makofi, maana aliyekaa peke yake huonekana. Nafula hakupiga. Alikuwa amenigeukia mimi, ananitazama, na sikuweza kumtazama.

Jumapili, 16 Mei

Mvua imekatika. Nafula alilala kwangu, si kwa mamake. Asubuhi amekaanga mayai na kuzidisha chumvi, kama kawaida yake. Hatukuzungumza siasa. Alipokuwa akitafuta kitambaa cha kupangusia meza alifungua sanduku la chini akaikuta leso ya zamani, ile yenye michoro ya korosho, imepauka katikati. Aliikunja vizuri akairudisha.

Nimeandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Mistari mitatu. Picha nimeirudisha kwenye Biblia.

Tulipotoka kwenda kanisani Mama Otis alikuwa mlangoni akianika nguo, macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Mama Nafula," akasema, "mmeamkaje?"

Nikaitika. Nafula alikuwa kando yangu, amenishika mkono tuvuke matope. Hakumsahihisha.