Gari la Baba Huchemka Likisimama

Jumatatu, 3 Machi

Mama amekuja gereji leo. Hana kawaida ya kuja asubuhi, na hana kawaida ya kuja bila kutuma mtu kwanza. Amesimama mlangoni na mkoba wake, kiti amekikataa kwa sababu kina grisi. Anataka gari la marehemu Baba litolewe turubai. Anakwenda kwa mdogo wangu kumwona mjukuu. Mtoto ana miezi minane na bibi yake hajamshika hata mara moja.

Nikasema basi la asubuhi lipo, na viti vyake vizuri. Akaniambia nipande mimi hilo basi. Yeye atapanda gari la mume wake, na dereva ni mimi.

Mimi! Miaka mitatu sijakanyaga kwa mdogo wangu, wala yeye kwangu. Kwenye mazishi ya Baba tulipeana mikono kama watu waliokutana benki.

Nimejitetea kwamba gari ni bovu. Mama akacheka. Si wanakuita Daktari? Basi tibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa turubai. Vumbi la kulima viazi! Panya wamekula sponji ya kiti cha nyuma. Betri imekufa, nimefunga nyingine. Oili mpya, maji mapya. Imewaka mara ya tatu. Nimefurahi, acha niseme kweli. Sauti ile ile ya kukohoa kidogo kisha kutulia, kama Baba mwenyewe akiamka.

Nimeizungusha mitaani nusu saa. Mshale wa joto umekaa katikati, hautikisiki. Nikarudi, nikaiacha inanguruma uani huku nanawa mikono. Dakika kumi na mbili — mshale juu! Maji yanatokota. Nikazima mbio.

Kwa hiyo: ikitembea, nzima. Ikisimama, inachemka.

Naandika kama jambo jipya. Si jipya. Ndivyo alivyosema mdogo wangu siku ile, neno kwa neno. Baba alikuwa ameshapigwa na kiharusi, ulimi hauna kazi, mkono mmoja tu ndio mzima. Mdogo wangu akampeleka kliniki kwa gari hili. Mbele kulikuwa na ajali, foleni haisogei. Injini ikachemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Baba alikaa kando ya barabara masaa matatu juani, hawezi hata kuomba maji. Kaka, ilikuwa nzima mpaka tuliposimama — hivyo tu ndivyo alivyojitetea. Na akaongeza kwamba Baba alikuwa anamng'ang'ania goti, anampiga piga, akadhani anataka haja, akateremka kuuliza watu choo kiko wapi.

Wajomba walicheka hapo, kwenye kikao cha familia. Mimi ndiye niliyeanza. Nikasema mbele ya wote kwamba ameendesha gari bila maji, macho yapo kwa wasichana wa barabarani, mshale hauoni. Nikampa jina: Chemsha. Jina likakaa.

Alhamisi, 6 Machi

Gerejini nina msemo mmoja, nimewachosha nao watu wote: pima kwanza, shuku baadaye.

Basi nimepima. Mfuniko wa rejeta — mzima. Mipira ya maji — mizima. Nimetafuta uvujaji kwa tochi mpaka shingo ikakakamaa. Hakuna hata tone. Thermostati, inayofungulia maji injini ikipata joto, nimeitoa, nikaichemsha jikoni kwenye sufuria. Imefunguka vizuri. Mke wangu naye amefunguka! Sufuria yake ya uji! Nimeahidi mpya. Rejeta nimeizibua, tope kidogo tu. Pampu inasukuma. Hewa nimeitoa.

Nikaiacha tena inanguruma. Dakika kumi na nne. Juu.

Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua: gari likichemka likisimama tu, tazama feni. Likitembea, upepo wa barabara unaipooza rejeta. Likisimama, hakuna upepo ila wa feni. Mimi nina miaka ishirini na sita katika kazi hii, na kwa siku mbili nimegusa kila kitu isipokuwa feni.

Najua kwa nini. Nilikuwa naomba uvujaji. Gari likivuja, kosa ni la dereva ambaye hakutazama maji. Feni ikikataa, dereva hana kosa.

Kesho feni.

Ijumaa, 7 Machi

Feni haizunguki. Injini imeiva, feni imetulia tu kama mgeni.

Nimeipa moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Imezunguka, tena kwa nguvu. Fyuzi nzima. Basi ni waya. Nikaufuata kwa vidole. Unatoka kwenye feni, unapita nyuma ya betri, na pale ulipotakiwa kwenda kwenye sensa ya joto, inayoiwasha feni yenyewe, umekatwa. Umeungwa waya mwingine. Juu yake tepu nyekundu, na mwisho wa tepu umefungwa uzi mweusi wa fundi viatu.

Nikakaa chini.

Uzi ule ni wangu. Katika mji huu mzima hakuna fundi mwingine anayefunga tepu kwa uzi wa viatu. Nafunga hivyo ili joto lisiibandue. Huwa najisifu nao.

Nikalala chali, kichwa kwenye pedali. Waya unaingia ndani, unapanda chini ya usukani. Na pale, karibu na goti la dereva, mahali ambapo hakuna mtu angetazama — swichi ndogo nyeusi. Nikabonyeza. Tik. Feni ikazunguka.

Sasa nakumbuka. Miaka saba. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu, magari yamejaa mpaka nje ya geti. Baba akaja, sensa imekufa, na ya kununua haikuwepo dukani. Nikakata waya, nikaweka swichi. Kazi ya robo saa. Nikamwambia: Baba, ukisimama bonyeza hapa, ukiondoka zima. Wiki ijayo nitakuja kuiweka sawa.

Wiki ijayo! Hakunikumbusha hata siku moja. Baba hakuwa mtu wa kumsumbua fundi, hata kama fundi amemzaa mwenyewe. Alibonyeza miaka minne mpaka kiharusi kilipompiga. Funguo zikaenda kwa mdogo wangu. Habari ya swichi haikwenda kwa mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikufungua gereji. Nimesema tumbo.

Jumapili, 9 Machi

Nimelijua leo asubuhi wakati navaa viatu. Nimekaa kitandani na kiatu kimoja sijui muda gani.

Goti.

Baba hakutaka haja. Baba aliona mshale unapanda. Alijua dawa ilipo, ulimi umekataa, akanyoosha ule mkono mmoja kuitafuta swichi chini ya usukani. Goti la mdogo wangu lilikuwa njiani. Akalipiga piga. Akalivuta. Na mwanawe akateremka kutafuta choo.

Wawili hao ndani ya gari, mmoja anajua na hawezi kusema, mwingine anaweza kusema na hajui. Mimi ndiye niliyewaweka hapo.

Na sisi tulicheka! Baba mwenyewe alikuwepo kikaoni, kwenye kiti chake pembeni. Alianza kulia. Tukasema ni ugonjwa, wagonjwa wa kiharusi hulia ovyo. Tukamfuta machozi.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo jingine lazima niliandike, hata kama hapa hakuna wa kulisoma. Baada ya siku ile mwenye shule alikuwa akitafuta dereva wa basi la wanafunzi. Ni mteja wangu. Aliniuliza kama mdogo wangu anafaa. Nikamjibu kwa mzaha: kama unataka basi lichemke na watoto ndani, mpe. Akacheka, nikacheka. Kazi akapewa mwingine.

Mdogo wangu alihama mji mwezi uliofuata. Sasa ni mlinzi kwenye ghala. Anawafungulia madereva geti. Mama anasema hajashika usukani tangu siku ile.

Injini niliifunga upya mimi, wakati ule. Hedi niliipeleka ikachongwa, gasketi mpya. Nikaijaribu barabarani, ikaenda vizuri, nikaifunika turubai. Ningeiacha isimame inanguruma robo saa tu! Robo saa! Pima kwanza, nilikuwa nawaambia wengine. Nyani haoni kundule.

Leo nimemwita fundi umeme wa duka la pili anipatie sensa. Akainama, akazitazama waya, akasonya. Daktari, aliyeunga hapa ama alikuwa mlevi ama alikuwa na haraka ya kwenda kuoa. Kisha akauona uzi. Akanitazama, akaanza kuongea habari za mpira.

Ningeweza kusema. Nilijibu habari za mpira.

Jumanne, 11 Machi

Sensa imefungwa. Waya mpya, njia yake ya asili. Nimeiacha inanguruma uani saa nzima, nimekaa juu ya ndoo natazama. Mshale unapanda kidogo, feni inajiwasha, mshale unashuka, feni inazima. Mara sita. Kazi safi. Imekula chini ya masaa mawili. Masaa mawili, miaka saba.

Swichi nimeiacha palepale, haina waya. Sikuweza kuing'oa.

Mama amekuja kuuliza kama mgonjwa amepona. Nikamwingiza garini, nikamwonyesha, nikamweleza yote. Swichi, uzi, goti.

Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza. Tik. Akasema huo mlio anaujua. Miaka yote ile kila waliposimama kwenye foleni alikuwa anausikia, tik, akadhani ni ugonjwa wa Baba wa kuchezea vitu. Hakuuliza.

Nikamwambia basi na yeye asijilaumu. Akanigeukia kwa ukali. Mimi sijamwita mtu Chemsha, akasema. Mimi sijamnyima mtu kazi.

Kumbe la mwenye shule analijua. Mdogo wangu alilijua tangu mwanzo, akamwambia, akamkataza kuniambia. Eti nisije nikaona aibu.

Nikamwomba Mama anisaidie, amwambie yeye. Mama ana maneno. Akafunga mlango wa gari taratibu, kama alivyofundishwa na Baba. Mkono wako ndio uliofunga ule uzi, mwanangu. Si wangu.

Majuto ni mjukuu, tunasema. Mama anakwenda kumwona wake. Mimi wangu nimeshampata.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwendea mwenye shule. Nimemweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza. Akasema dereva aliyenaye ni mzuri, ana mkataba, atafanya nini? Nikasema sijaja kuomba kazi, nimekuja kufuta neno langu. Akasema limefutika. Halikufutika. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nimelisema mara moja kwa sauti, sasa najua linatamkwaje.

Kesho safari.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefika saa nane mchana. Gari limekwenda vizuri njia nzima. Mama alishika mkoba magotini, hakulala hata kidogo. Kila tuliposimama alikuwa anatega sikio, feni ikiwaka anatikisa kichwa.

Nyumba yao ni ndogo, ukuta wa bluu, uwanja umefagiwa. Mama ameshuka kabla sijasimama vizuri. Sasa yuko ndani, nasikia mtoto anacheka na Mama anaimba vibaya.

Mimi bado niko kwenye usukani. Nimejipangia: niiache inanguruma, feni ijiwashe mara mbili, ndipo nishuke. Ujinga tu. Natafuta dakika. Ndiyo maana naandika.

Imewaka mara moja.

Mdogo wangu ametoka. Amekonda. Ana nywele nyeupe juu ya masikio, yeye mdogo wangu! Amenisalimia dirishani, Shikamoo Kaka, macho yapo kwenye boneti. Nimeitikia. Nikafungua mdomo niseme. Akaniwahi. Kaka, zima injini, akasema. Gari hili usiliache likinguruma limesimama. Linachemka hili.

Amesema kwa upole sana. Kama mtu anayemwonya mgeni kuhusu kizingiti. Miaka mitatu ameliweka hilo moyoni, na sasa ananisaidia mimi nisije nikapatwa na lililompata yeye.

Nikasema ngoja, mdogo wangu, kuna jambo. Akasema ngoja wewe, nilete maji kwanza. Ameondoka mbio kuzunguka nyumba.

Nimeshasogea. Nimekaa kiti cha abiria, alipokaa Baba. Kiti cha dereva nimekiacha wazi na mlango wazi. Nimejaribu kunyoosha mkono kutoka hapa mpaka kwenye swichi. Unafika. Kwa shida, lakini unafika, kama hakuna mtu ameketi.

Anakuja. Ameshika ndoo kwa mikono miwili, imejaa mpaka mdomoni, anatembea pole isimwagike. Amefika katikati ya uwanja.

Feni imejiwasha.

Ameisikia. Amesimama. Anatazama boneti, anatazama kiti kitupu cha dereva, sasa ananitazama mimi, na ndoo hajaitua. Naweka kalamu chini, nimwambie.