Sufuria ya Osuga ya Mama Lynnet

Dorah, uko? Nimejifungia kwa stoo ya jikoni nalia kama mtoto.

Unamkumbuka Mama Lynnet wa Rusinga, yule hutuletea osuga hapa hotelini. Leo nilimwalika aje ale mboga yake mwenyewe, kwa meza, kama mgeni.

Si unajua osuga ni chungu. Nimeipika tangu Jumatatu, kila asubuhi naichemsha tena na kuongeza maziwa, vile yeye alinifunza.

Nikatoka kidogo kuchukua samaki ziwani. Kurudi, sufuria imeoshwa. Meneja mpya anasema eti mboga ilikuwa imelala, inanuka, akaimwaga.

Akaimwaga, Dorah.

Na mama ameshafika na nguo yake ya Sabato. Wamemwekea sukuma wiki ya sokoni.

Alimaliza sahani yote. Nikamweleza kilichotokea, lakini aliona namfariji tu. Akanishika mkono.

“Nyathina, mwanangu, kama mboga yangu ilikuwa mbaya, si ungeniambia.”

Nikamwambia mama, haikuwa mbaya, ilimwagwa. Akasema nisijali, ameelewa.

Kesho anang'oa osuga yote, anipandie sukuma.