Eti Msitu Ulimlisha

Jumanne, 2 Novemba
Bi mwalimu wa ngumbaru, anayetufundisha sisi watu wazima kusoma, ameniletea kitabu cha Nejia. Kitabu kizima! Jina la mwanangu juu, mti wa mwaloni chini yake. Nasoma kwa kidole. Msichana anatoroka siku ya hina yake, kijiji kinamsusa, anakwenda kuishi peke yake msituni, kwenye kibanda cha wabandua magome ya mialoni. Anapata faraja kwa miti na ndege. Hayo nayajua. Hina yenyewe niliikanda mimi.

Ukurasa wa pili mama yake anakufa. Homa, siku tatu, kwisha! Nimekaa kitako nikajililia. Mazishi mazuri lakini. Watu wengi.

Jumatano, 3 Novemba
Jirani yangu Shedlia kasikia redioni kitabu kimepata tuzo. Huyu huyu aliyekuwa akitema mate Nejia akipita.

— Mama Nejia, mtoto wetu katutoa kimasomaso! Mimi nimo humo?

Nikamwambia yumo. Yule mbweha jike.

— Mbweha ana akili, kasema, akaondoka kafurahi.

Ijumaa, 5 Novemba
Ukurasa wa arobaini. "Kila Alhamisi mwaloni mkongwe ulinitolea mkate kifuani mwake. Msitu ulinipenda kuliko damu yangu."

Eti msitu! Msitu ulijua kukanda unga? Msitu ulichemsha mayai? Na soksi za sufu ziliota kwenye matawi, kisigino cheusi kama ninazomfumia mume wangu? Goti langu la kulia halijapona mpaka leo kwa utelezi wa njia ile — mwaka mzima, kila Alhamisi, mvua, theluji, naaga nakwenda kuokota kuni. Nimekifunga kitabu kwa hasira. Halafu nimekifungua nikabusu pale penye mkate.

Miaka sita anadhani nilimtupa.

Na kumwambia siwezi. Mume wangu Hedhili aliapa mbele ya kaka zake: "Ukimpelekea hata tonge, wewe mwanamke, umeachika, talaka tatu!" Bi mwalimu anasema mahakama haihesabu talaka ya mdomo. Sawa. Hedhili anahesabu.

Ila mimi sikumpelekea yeye. Niliupelekea mti. Shimo la mti. Akipita mtu akala, mimi nifanyeje?

Jumatatu, 8 Novemba
Nimemwuliza sheikh, kwa niaba ya mwanamke mmoja wa mji wa Tabarka, eti. Kwamba chakula kiliwekwa mtini tu. Kafikiri sana, anachezea ndevu. Kasema amali huhesabiwa kwa nia.

Nia! Hapo ndipo palipo na shida.

Natoka mlangoni akaniita: — Na goti la huyo mwanamke wa Tabarka, linaendeleaje?

Jumatano, 10 Novemba
Hedhili, mzee wangu, kasikia habari za tuzo mkahawani. Watu wamesimama kumpisha kiti! Wale wale waliomwambia kazaa balaa. Kaja nyumbani kifua mbele. Yeye hajui hata alifu, basi baada ya alasiri namsomea. Kila nikifika Alhamisi naruka. Ijumaa, Jumamosi, ndege, mvua, ndege tena.

— Huyu mtoto kwa mwaka mzima alikula nini?

— Faraja, nikasema. Ndivyo kilivyoandikwa.

— Faraja hainenepeshi. Alipotoka kule alikuwa na mashavu.

Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

Alhamisi, 11 Novemba
Mzee mwenyewe kampigia simu. Aje! Aje Jumapili! Nilidhani nitaruka kwa furaha. Badala yake kutwa napiga hesabu. Nikisema, huenda Jumapili jioni niko kwa dada yangu na kifurushi changu, mke wa mtu nisiye mke wa mtu. Nisiposema, atakula kwangu kama mgeni, aondoke, asirudi. Na atakuwa na haki.

Jumapili, 14 Novemba
Amefika. Mwembamba! Shedlia kampigia vigelegele barabarani, mbweha kabisa. Kambusu baba yake kwenye paji la uso, mzee kalia waziwazi, hata kilemba kimemwanguka. Mimi kanibusu mkono. Juu juu, kama anavyobusiwa mke wa kadhi.

— Hujambo, mama.

— Sijambo, roho yangu. Umekula?

— Nimekula njiani.

Nimekimbilia jikoni. Naandika hapa, daftari gotini, kuskusi inatoa mvuke. Mlango uko wazi kidogo, nawasikia.

Mzee: — Hebu nisomee wewe. Mama yako anasoma kwa kurukaruka kama mbuzi.

Ya Rabi. Kaanza kusoma. Sauti yake ya redioni, nzuri. Kibanda. Mvua. Mwaloni mkongwe sasa. Kafika kwenye mkate, na soksi.

— Rudia hapo, mzee kasema.

Karudia.

— Soksi za rangi gani?

— Nyekundu, baba. Kisigino cheusi.

Mzee kasema neno polepole, nimeshika "kuni" tu. Nejia naye: — Kila Alhamisi, baba. Kila Alhamisi.

Kiti kimesogea. Si kimoja. Viti viwili — wanakuja huku jikoni, wote wawili.